Kunguru Wakikufukulia Nyasi, Chimba Nawe Uone

Mwezi wa kumi ukiingia na mvua zikirudi katika pwani ya magharibi ya Kanada, wenye nyumba wengi wa Surrey, Burnaby na New Westminster huamka na kukuta nyasi za mbele ya nyumba zimepinduliwa. Jana zilikuwa mahali pake. Leo vipande vimetapakaa mizizi juu, udongo uko nje, na kunguru wanatembea humo bila haraka yoyote. Wapo wanaodhani ni utundu wa watoto wa mtaani. Wapo wanaomlaumu fundi aliyepanda nyasi. Na wapo wazee waliokuja kuishi na watoto wao, ambao kundi la kunguru mlangoni kwao si dalili njema, na wanataka ndege hao wafukuzwe kwanza, mengine yazungumzwe baadaye.

Ukweli wenyewe ni mwepesi. Kunguru wana njaa, na chakula chao kiko chini ya nyasi zako. Humo udongoni kuna mabuu weupe, wanene, ambao wamekuwa wakila mizizi tangu kiangazi. Kunguru hakulianzisha tatizo. Amelivumbua kabla yako. Ukimfukuza yeye ukawaacha mabuu, nyasi zitadhoofika vilevile, ila bila kelele. Kwa hiyo ushauri wote utakaousoma hapa unaelekea mahali pamoja: shughulika na buu, na ushughulike naye katika mwezi unaofaa. Mengine ni kupunguza hasara tu.

Mwenyeji na mgeni

Msomaji aliyekulia Mombasa, Dar es Salaam au Unguja ana sababu zake za kumchukia kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji, kisha akageuka balaa. Alifika Mombasa mwaka 1947, akaenea pwani, akawa anabeba vifaranga vya watu na kula mayai na makinda ya ndege wa asili. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Haishangazi basi kwamba mtu wa pwani akiona kunguru uani, mkono hutafuta jiwe.

Huku mambo yamegeuka. Kunguru wa Amerika Kaskazini, mweusi tii tangu mdomo hadi kucha, ndiye mwenyeji. Mgeni aliyevamia ni mdudu anayemtafuta: mbawakawa wa Ulaya, ambaye wataalamu humwita Amphimallon majale na wauzaji wa vifaa vya bustani humwita chafer. Ni mdudu wa kahawia mwenye mabawa magumu, urefu wake kama sentimita moja na nusu. Kwao ni magharibi na kati ya Ulaya. Amerika Kaskazini alionekana mara ya kwanza mwaka 1940 katika jimbo la New York, na mwaka 2001 akagunduliwa New Westminster. Kutoka hapo amesambaa katika miji inayoizunguka Vancouver. Upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Washington, aligunduliwa SeaTac mwaka 2015, jirani kabisa na Tukwila na Kent, miji ambako utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi madukani na makanisani.

Maisha yake ni ya mwaka mmoja, na kuyajua ni kazi ya lazima kwa mwenye bustani. Mwishoni mwa Mei na katika Juni, mbawakawa wakubwa hutoka ardhini jioni, jua linapozama, na kuruka kwa makundi kuzunguka vilele vya miti. Huko hukutana dume na jike. Hawadumu zaidi ya wiki moja au mbili, na katika siku hizo hawali kitu cha maana. Jike hurudi ardhini na kutaga mayai kati ya 20 na 40, akipendelea nyasi fupi na kavu. Julai mayai huanguliwa. Mabuu wadogo huanza na mizizi myembamba, wanajivua ngozi, wanakua, na kufikia Oktoba wamenona. Kwa kuwa pwani hii haina baridi kali ya kugandisha ardhi kwa muda mrefu, wanaendelea kula wakati wa baridi, sentimita chache tu chini ya uso wa udongo, mpaka Aprili. Kisha hujigeuza kuwa pupa, na Juni mzunguko unaanza upya.

Sasa utaelewa kwa nini kunguru huja Oktoba na si Julai. Julai mabuu wapo, ila ni wadogo mno kwa ndege kuhangaika nao, na udongo ni mkavu na mgumu. Mvua za Oktoba hulainisha ardhi wakati uleule ambao buu ana mafuta ya kutosha kumfaa ndege anayejiandaa kwa baridi.

Hakikisha kabla ya kutumia hata senti moja

Kosa la gharama kubwa katika jambo hili ni kununua dawa ya mdudu usiyemjua. Chukua koleo au kisu kikubwa. Mahali ambapo nyasi zimeanza kuwa njano au zinabonyea ukikanyaga, kata mraba wa sentimita 30 kwa 30, pande tatu tu, kina cha sentimita 5 hivi. Inua kipande ukikunje kuelekea upande wa nne, ambao haukukatwa. Vunjavunja udongo kwa vidole na uhesabu unachokiona. Kisha kirudishe, kikanyage, na umwagilie. Fanya hivyo sehemu nne au tano, kwa kuwa mabuu hawakai sawasawa. Huweza kujaa upande mmoja na kukosekana mwingine.

Buu wa mbawakawa utamtambua bila shida. Amejikunja mfano wa herufi C, ni mweupe wa maziwa, kichwa chake ni cha kahawia, na ana miguu sita karibu na kichwa. Akikomaa hufika sentimita 2 au zaidi kidogo. Ukipata mmoja au wawili katika mraba, hakuna haja ya kupoteza usingizi. Wataalamu wa eneo hili huanza kuhofia wanapowapata kati ya 5 na 10 katika nyasi zisizomwagiliwa. Nyasi nene, zenye mizizi mirefu na maji ya kutosha, zinaweza kubeba idadi kubwa kuliko hiyo zisioneshe dalili. Lakini kumbuka kwamba kunguru hasubiri nyasi zife. Hata bustani inayoonekana nzima inaweza kufukuliwa ikiwa mabuu wapo wa kutosha.

Ukikuta kiumbe wa kijivu, asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana, ngozi yake ngumu, huyo si mbawakawa. Ni mtoto wa mdudu mwenye miguu mirefu anayefanana na mbu mkubwa, ambaye naye ametoka Ulaya na aligunduliwa katika jimbo hili la Kanada, British Columbia, mwaka 1965. Kunguru na ndege wengine humfukua pia, ila kalenda yake ni tofauti: wakubwa hutaga mwishoni mwa Agosti na Septemba, na dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Na ukikuta minyoo ya kawaida ya ardhi, mirefu na myekundu, shukuru Mungu uiache. Hiyo inakulimia bure.

Angalia vilevile namna nyasi zilivyochimbwa, maana kunguru hulaumiwa hata kwa yasiyo yake. Kunguru hufanya kazi mchana. Hung'oa kwa mdomo vipande vya ukubwa wa kiganja na kuvitupa pembeni. Rakuni huja usiku, hutumia mikono, na akikuta nyasi zilizokwisha poteza mizizi huzikunja kama mkeka. Skanki, yule mnyama mweusi mwenye mistari myeupe na maji yenye uvundo, huacha vishimo vidogo vyenye umbo la faneli. Ukijua nani anakuja na saa ngapi, utajua kinga ipi itafaa.

La kufanya wakati uharibifu unaendelea

Kati ya Oktoba na Aprili huna dawa ya uhakika ya kuua mabuu wakubwa. Hilo ni vigumu kulikubali, na ndiyo sababu wengi huuziwa vitu visivyosaidia katika miezi hiyo. Unachoweza kufanya ni kulinda kilichobaki.

Kwanza, rudisha vipande vilivyopinduliwa siku hiyohiyo, kabla mizizi haijakauka. Okota mabuu unaowaona. Wakiwa wengi, mtoto mwenye kopo atafurahia kazi hiyo kuliko unavyodhani. Kanyaga vipande vishikane na udongo, kisha mwagilia kama mvua haijanyesha.

Pili, tandika wavu. Waya wa kuku au wavu wa plastiki wenye matundu madogo, uliotandazwa juu ya nyasi na kushikiliwa kwa vigingi vya chuma kila baada ya nusu mita, huwazuia kunguru vizuri. Nyasi zitaota kupitia matundu. Kingo zibane zaidi, maana rakuni ana vidole vyepesi na akipata ufa atainua. Kumbuka kuuondoa kabla ya kukata nyasi kwa mashine, na usiuache umelegea, kwa kuwa ndege na wanyama wadogo hunasa miguu.

Tatu, usiwape kunguru sababu nyingine za kukaa kwako. Funga vizuri pipa la taka za jikoni, usiache chakula cha paka nje, na waombe watoto waache kuwarushia karanga. Ndege aliyezoea kulishwa uani kwako hatatofautisha karanga ulizompa na buu aliyemkuta mwenyewe.

Nne, na hili nalisisitiza: usimwage mafuta ya taa, dizeli, chumvi, jiki wala sabuni ya unga kwenye udongo. Wapo wanaofanya hivyo kwa kukumbuka dawa za nyumbani za siafu na mchwa. Vitu hivi huua nyasi na minyoo ya ardhi kabla ya kumfikia buu, na mvua ya kwanza huvipeleka kwenye mifereji ya barabarani. Mifereji hiyo, tofauti na ya vyooni, humwaga moja kwa moja kwenye vijito. Kijito cha Still Creek, kinachopita Vancouver na Burnaby, kilikosa samoni kwa karibu miaka 80 kwa sababu ya uchafu na ujenzi. Samoni walirudi kuzaa humo mwaka 2012, baada ya miaka ya kazi ya kukisafisha. Mtu mmoja mwenye galoni la dizeli anaweza kuirudisha nyuma kazi hiyo.

Isitoshe, kuna sheria. Vancouver na miji mingi jirani imezuia matumizi ya dawa nyingi za kemikali pale zinapotumika kwa urembo wa bustani tu. Dawa aliyokuletea rafiki kutoka mbali, isiyo na karatasi za Kanada, inaweza kukugharimu faini juu ya hasara. Iko dawa ya kisasa ya mabuu inayotumiwa na mafundi wenye leseni katika baadhi ya maeneo. Ukiambiwa habari yake, omba kuona leseni, omba jina la dawa kwa maandishi, kisha uulize ofisi ya mji wako kama inaruhusiwa.

Vita na kunguru havina mshindi

Bado kuna wasomaji watakaosema: sawa, mabuu nimeelewa, lakini ndege hawa nitawakomesha. Nawashauri wasijaribu.

Karibu na Still Creek hiyohiyo, huko Burnaby, maelfu ya kunguru hukusanyika kila jioni kulala katika miti na juu ya mapaa. Asubuhi hutawanyika kwenda mitaani. Kaskazini ya Seattle, kwenye chuo cha Bothell, kuna malazi mengine ya maelfu. Ukimfukuza mmoja, nafasi yake haibaki wazi.

Tena wana kumbukumbu. Mwaka 2006, profesa John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walivaa kinyago kimoja walipowanasa kunguru saba katika viwanja vya chuo, wakawawekea alama, wakawaachia. Baada ya hapo, yeyote aliyepita na kinyago kile alizomewa na kunguru, na si wale saba tu. Wengine ambao hawakunaswa walijifunza kutoka kwa wenzao, na makinda kutoka kwa wazazi. Hali hiyo iliendelea kwa miaka. Mtu anayerusha mawe leo anajitafutia kuzomewa kila anapotoka kwenda kazini. Na Mei na Juni, wakati makinda yanatoka kwenye viota, wazazi huwashukia watu kichwani hata bila ugomvi wa zamani. Wakati huo mwavuli ni silaha inayotosha.

Vitisho vya kuning'iniza, kama santuri za CD, karatasi zinazong'aa na sanamu za bundi, husaidia siku chache. Kunguru akishaona kwamba bundi hasogei, atakuja kusimama karibu yake. Ukivitumia, vihamishe mara kwa mara, na usivitegemee. Kuhusu sumu na bunduki, usiviwaze. Nchini Marekani kunguru wanalindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wanaohama, na kufyatua risasi ndani ya mji ni kosa huku na huku kwa sababu zilizo wazi. Sumu itamfikia mbwa wa jirani kabla ya kumfikia kunguru mwerevu.

Je, si afadhali kumwacha ale mabuu wote amalize tatizo? Hapana. Kunguru hula wengi, lakini huacha wa kutosha kwa kizazi kijacho, na mbawakawa wa Juni huruka kutoka kwa jirani. Ndege huyu ni mpelelezi mzuri na mwindaji wa wastani.

Julai ndio mwezi wa kazi

Dawa inayokubalika zaidi na isiyodhuru watu, mbwa wala minyoo ya ardhi ni nematodi: minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayoishi udongoni na kuwawinda mabuu. Aina inayotakiwa ni Heterorhabditis bacteriophora, na jina hilo lazima liwe limeandikwa kwenye pakiti. Nematodi huyu humwingia buu kupitia matundu ya mwili au ngozi na kuachia bakteria anayeishi naye. Buu hufa ndani ya siku chache, mwili wake ukibadilika rangi kuwa mwekundu wa tofali. Nematodi huzaliana humo, kisha hutoka kutafuta buu mwingine.

Yote haya hufanya kazi ikiwa buu bado ni mdogo. Wakati mwafaka ni nusu ya pili ya Julai na, ukichelewa, siku za mwanzo za Agosti. Ukiweka Juni, mabuu hawajaanguliwa. Ukiweka Oktoba, wameshakuwa wakubwa na udongo unapoa. Nematodi hawa wanahitaji udongo wenye joto la zaidi ya nyuzi 12. Muuzaji akikuambia Desemba ni wakati mzuri, tafuta muuzaji mwingine.

Agiza mapema, Juni au mwanzo wa Julai, kwa kuwa maduka ya bustani huishiwa. Nematodi ni viumbe hai. Soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti, wabebe kwenye ubaridi, na waweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha, mpaka siku ya kazi. Usiwaache ndani ya gari juani ukienda kununua mkate.

Mambo matatu huwaua kabla ya kufika kwa buu: jua, ukavu na haraka. Siku moja kabla, mwagilia nyasi maji mengi mpaka udongo ulowe vizuri. Siku yenyewe subiri jioni, au siku yenye mawingu au manyunyu. Changanya nematodi na maji kwa kipimo cha pakiti, kulingana na ukubwa wa eneo lako. Ukitumia bomba la kunyunyizia, ondoa vichujio vyake vyembamba ili wasikwame. Ukitumia keni ya kumwagilia, koroga kila mara kwa kuwa huzama chini. Nyunyiza eneo lote sawasawa, kisha mwagilia tena hapohapo ili wateremke kwenye mizizi. Kwa wiki moja au mbili zinazofuata, udongo usikauke.

Hapa pana kikwazo ambacho wageni wengi hawakijui. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi 15 Oktoba, eneo la Vancouver lina kanuni za kubana matumizi ya maji, na umwagiliaji wa nyasi una siku na saa zake. Vancouver na miji kadhaa hutoa kibali maalumu kwa anayetumia nematodi. Kiombe kwenye ofisi ya mji kabla ya siku ya kazi, na ukibandike mahali kitakapoonekana, ili jirani mwenye simu karibu asikushtaki.

Usitarajie kuwamaliza mabuu wote. Lengo ni kuwapunguza mpaka nyasi ziweze kuvumilia na kunguru waone kwingine kuna faida zaidi. Mwaka unaofuata, pima tena kwa koleo kabla ya kuamua kurudia. Na zungumza na majirani. Nyumba tatu au nne zilizopangana zikiweka dawa katika wiki ileile, mbawakawa wa Juni wanapungua kwa wote. Ukiweka peke yako, unalisha nematodi kwa faida ya mtaa.

Nyasi zenye mizizi mirefu

Mbawakawa jike huchagua mahali pa kutaga, na uchaguzi wake unaweza kuuharibu. Anapenda nyasi zilizokatwa hadi ngozi na udongo unaopata jua. Pandisha basi kisu cha mashine. Nyasi za urefu wa sentimita 6 hadi 9 hufunika udongo, hutunza unyevu, na hushusha mizizi chini zaidi. Majani yaliyokatwa yaache hapohapo yawe mbolea.

Mwagilia mara chache kwa wingi, badala ya kidogokidogo kila siku. Sentimita 2 na nusu za maji kwa wiki zinatosha. Weka kopo tupu la samaki katikati ya bustani wakati maji yanapotoka, upime yaliyoingia. Ardhi iliyoshindiliwa itobolewe kwa rato au kwa mashine ya kukodi, ili maji na hewa vipite. Mvua za huku huufanya udongo uwe na asidi, kwa hiyo pima, na ukihitaji weka chokaa.

Mahali palipofukuliwa, panda upya mwanzoni mwa Septemba kama uliweka nematodi Julai, au katika Aprili na Mei, mabuu wakishaacha kula. Chagua mbegu za feskyu ndefu, ambazo kwenye mfuko huandikwa tall fescue. Mizizi yake huenda chini sana na hustahimili ukame na mabuu kuliko nyasi laini za mapambo. Kuchanganya na klova ndogo ni busara nyingine: klova hubaki kijani kiangazi, hurutubisha udongo kwa naitrojeni, na mabuu wa mbawakawa huyu hawaipendi kama nyasi.

Au achana na nyasi

Kwa bustani ndogo ya mbele, inayofukuliwa kila mwaka, hesabu gharama ya nematodi, mbegu, maji na jasho. Wakati mwingine jibu la busara ni kung'oa nyasi na kupanda kitu kinacholiwa. Hali ya hewa ya pwani hii inaipenda sukuma wiki. Ikipandwa Julai huvumilia baridi na kukulisha mpaka Machi. Mchicha hustawi kuanzia Juni jua likiwa kali, na maharage hali kadhalika. Mahali palipo na kivuli panda vichaka na maua ya asili ya eneo hili. Ukiwa mpangaji, mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi kwanza. Wengi wamechoka na nyasi zilizopinduliwa na hawatakataa.

Tahadhari moja kabla ya kuutupa udongo. Mwaka 2017 mvamizi mwingine, mbawakawa wa Japani, aligunduliwa Vancouver. Ni mdudu mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa na mabawa ya rangi ya shaba. Buu wake hula mizizi ya nyasi na mkubwa wake hula majani ya mamia ya aina za mimea, ikiwemo miwaridi, mizabibu na maharage. Ndiyo maana Shirika la Ukaguzi wa Chakula la Kanada limeweka maeneo ambayo udongo na mimea yake haviruhusiwi kutolewa bila kibali. Kabla ya kupakia nyasi zilizong'olewa kwenye gari la rafiki, angalia kama mtaa wako umo. Ukimwona mdudu huyo, mkamate, mpige picha, toa taarifa. Hili liwahusu hasa ndugu zetu wanaofanya kazi za bustani: udongo ulioganda kwenye koleo na mashine husafiri pamoja nanyi kutoka nyumba hadi nyumba, basi vioshwe kabla ya kuondoka.

Kanuni hii ya kutazama chini kabla ya kumlaumu anayechimba haina mipaka ya nchi. Wakulima wa miwa wa Moshi wamepambana kwa miaka na mabuu weupe wa jamaa hiyohiyo wanaokula mizizi ya miwa, na mwenye bustani Nairobi akiona kwarara wakidunga midomo kwenye nyasi zake kila asubuhi, ajue nao wana wanachokifuata.

Kwa anayesoma haya Oktoba, kazi ya leo ni koleo, hesabu na wavu. Kisha fungua kalenda uandike mara tatu: Juni, agiza nematodi; mwanzo wa Julai, omba kibali cha maji; wiki ya tatu ya Julai, mwagilia, nyunyiza, mwagilia tena. Mwambie na jirani yako aandike vivyo hivyo. Jiwe liache lilipo.